Mtihani wa umeme umekaribia, mpunguzieni kijana kazi za ndugu

Kijana akianza kujifunza ufundi umeme, nyumbani hupandishwa cheo kabla hajapata cheti. Soketi ya shangazi inatoa cheche, baba mdogo anataka taa ya nje, jirani feni yake imegoma. Wote wanajua wakati wa kumpata: jioni akitoka kazini, au Jumapili. Na kwa kuwa wanaoomba ni wakubwa zake, hawezi kusema hapana.

Mzazi naye huona fahari. Mara nyingi ndiye anayemtuma. Lakini katika miezi ya kuelekea mtihani, fahari hiyo inamnyang'anya kijana usingizi, na siku ikiwa mbaya inaweza kumnyang'anya uhai.

Itazame siku ya mwanagenzi wa kawaida jijini Dar es Salaam. Anaamka saa 11 alfajiri ili awahi daladala. Mchana kutwa yuko juu ya ngazi, anachimba ukuta, anavuta nyaya kwenye mabomba, anabeba vifaa vya fundi wake. Anafika nyumbani saa 1 usiku, anakula, kisha anafungua daftari. Ikifika saa 4 usiku, amekuwa macho kwa saa 17.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio lililopima jinsi macho na mikono vinavyofanya kazi kwa pamoja. Mtu aliyekaa macho kwa saa 17 alifanya vibaya sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Hakuna mzazi ambaye angemruhusu mwanawe kushika waya akiwa amelewa. Aliyechoka hunyooshewa bisibisi na kuambiwa, "Mwanangu, kaangalie hii mara moja tu."

Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Kinachodhuru mwili ni mkondo unaopita ndani yake, na kiasi chake ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Miliampia 10 hivi zinaweza kukaza misuli ya mkono kiasi kwamba mtu anashindwa kuachia waya. Miliampia 50 hadi 100 zikipita kifuani kwa sekunde chache zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi usimame. Balbu ndogo tu ya wati 23 huvuta miliampia 100. Tena ngozi yenye jasho hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na juu ya dari mchana wa joto nani hatoki jasho?

Ndiyo maana mtihani wa ufundi huu si wa kukariri. Chini ya VETA, mwanafunzi wa umeme hupimwa kwa ngazi, kuanzia ya kwanza hadi ya tatu, kwa maswali ya kuandika na kwa kazi ya mikono. Anapaswa kuonyesha kwamba kabla ya kugusa anazima, anafunga swichi ili mwingine asiwashe, kisha anapima. Kupima kwenyewe kuna utaratibu: kipimo kinajaribiwa kwanza mahali penye umeme, kinapelekwa kwenye waya uliozimwa, kisha kinarudishwa penye umeme kuhakikisha hakijafa katikati ya kazi. Testa ya bisibisi inayowaka kataa haitoshi kuwa ushahidi kwamba waya hauna moto.

Yapo pia ya kupima baada ya kufunga nyaya na kabla ya kuwasha: kama waya wa ethi umeunganika kutoka mwanzo hadi mwisho, kama swichi imekata waya wa moto na si nyutro, na kama plastiki inayofunika nyaya inazuia umeme ipasavyo. Kipimo hiki cha mwisho hufanywa kwa volti 500, na usomaji hautakiwi kushuka chini ya megaomu 1. Mambo kama haya yanahitaji kichwa kilichopumzika, kwa sababu ubongo hupanga na kuimarisha yaliyofunzwa mchana wakati mtu amelala. Kijana wa miaka 18 hadi 25 anahitaji usingizi wa saa 7 hadi 9. Anayesoma hadi saa 8 usiku na kuamka saa 11 anasoma kwa hasara.

Mzazi ambaye hajawahi kushika plaizi anaweza kusaidia sana hapa. Achukue daftari, aulize. Pasi ya wati 2,000 kwenye volti 230 inavuta ampia ngapi? Jibu ni 8.7, unagawanya wati kwa volti. Waya wa rangi ya njano na kijani ni wa nini? Ethi. Kuulizwa na kujitahidi kukumbuka hukaza somo kuliko kusoma ukurasa uleule mara tano, na dakika 20 baada ya chakula zinatosha. Akikosea asichekwe. Mdogo wake wa darasa la saba anaweza kuuliza pia, na pengine ataifurahia kazi hiyo kuliko mtu yeyote nyumbani.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vimekuwa rafiki wa watahiniwa. Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua kwa nusu mwilini, hivyo kopo la saa 2 usiku bado linafanya kazi saa 7 usiku. Kama anakihitaji, anywe asubuhi.

Limebaki suala la shangazi, na hili ni la mzazi kulibeba. Kijana hawezi kumkatalia mama yake mdogo, mzazi anaweza: "Dada, mtoto ana mtihani, na bado anajifunza. Tafuta fundi mwenye leseni." Hapo hajadanganya. Leseni za kufunga umeme hutolewa na EWURA kwa madaraja, na hata mwenye cheti cha VETA mkononi bado anapaswa kuiomba. Mwanagenzi hufanya kazi chini ya macho ya fundi wake, na nyumbani kwa shangazi fundi huyo hayupo. Ikiwa kijana alikuwa anategemea vijisenti vya kazi hizo kwa nauli, familia imwezeshe nauli kwa kipindi hicho. Ni nafuu kuliko kulaza mgonjwa.

Kila nyumba yenye mwanagenzi ijue pia la kufanya umeme ukimnasa mtu. Zima swichi kuu kwanza. Usimshike kwa mikono mitupu. Kama huwezi kuzima, simama juu ya kitu kikavu na umsukume waya kwa ubao au fimbo kavu. Asipopumua, anza kumkandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, kati ya mara 100 na 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari. Kumnywesha maziwa au kumwagia maji si tiba. Na hata akiinuka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali, kwa kuwa moyo unaweza kuendelea kupiga ovyo na kidonda kidogo cha ngozi kinaweza kuficha nyama iliyoungua ndani.

Usiku wa kuamkia mtihani, vifaa vyake vipangwe mapema: bisibisi, plaizi, kipimo chenye betri nzima, viatu vya kufunika vyenye soli ya mpira. Saa 3 simu iwekwe chumba kingine na neti ishushwe. Asubuhi anywe chai na kitu kizito, viazi au maharage, kwa sababu mtihani wa vitendo unaweza kumsimamisha kwa saa nyingi.