Kilwa imo ndani ya gemu, habari zake zimebaki nje

MAGOFU ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na yale ya Songo Mnara, yana wageni wengine wasiovuka maji kuyafikia. Tangu Februari 2018 mji huo umo katika mchezo wa kompyuta wa Civilization VI, kupitia nyongeza iitwayo Rise and Fall, miongoni mwa maajabu ya dunia ambayo mchezaji anaweza kuyajenga. Kinachotakiwa ni kiwanja tambarare kilichopakana na bahari. Anayeongoza Japani au Norway akishaijenga Kilwa hupewa wajumbe watatu wa kupeleka kwenye madola madogo, kisha mchezo unaendelea. Historia ya mji imewekwa kando, katika kurasa za maelezo, kwa atakayependa kuisoma.

Asiyeisoma hapungukiwi na utamu wa mchezo. Ndipo linapozuka swali iwapo michezo ya video inahitaji kisa ili ipendeze.

Swali hilo liliwagawa wasomi wa Ulaya na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Janet Murray wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1997, aliiona kompyuta kuwa njia mpya ya kusimulia. Espen Aarseth wa Norway na wenzake wakashikilia kwamba mchezo ni kanuni na ushindani, na kuupima kwa vipimo vya riwaya ni kuuonea.

Katika mwambao wa Waswahili hoja hiyo isingewakesha watu. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Lina nyumba, kichwa na kimbi, lakini hakuna mtu anayeishi katika nyumba hiyo wala shujaa anayeitetea, na bado wachezaji hukaa barazani saa nyingi huku watazamaji wakitia maneno. Hadithi ilikuwa na wakati wake, usiku, ikifunguliwa kwa "Paukwa" na kujibiwa "Pakawa". Hakuna aliyelidai bao limsimulie kisa, wala aliyemtaka mtambaji agawe kete.

Vibanda vya gemu vya mijini vimefuata njia ya bao, na sababu zake si za kifalsafa. Mteja anayelipia mechi hununua dakika chache na mpinzani wa kumcheka. Kisa kirefu humtaka arudi siku nyingi, ahifadhi alipofikia, na zaidi ya yote aelewe Kiingereza kinachozungumzwa na wahusika. Soka haina masharti hayo. Hata Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004, yenye kisa kirefu kinachosemwa kwa lugha ya mitaani ya Marekani, mtu aliweza kuifurahia kwa kuendesha magari na kukimbia polisi tu, bila kujali nani kamsaliti nani.

Watengenezaji wa soka nao walijaribu kutia kisa. FIFA 17, iliyotoka mwaka 2016, ilileta habari za kijana wa kubuni, Alex Hunter, anayepanda ngazi katika mpira wa Uingereza. Zilidumu kwa matoleo matatu, zikakomea FIFA 19. Mechi za watu wawili zimeendelea bila yeye.

Kwa hiyo, kwa upande wa raha peke yake, Aarseth na wenzake wanaelekea kushinda. Lakini raha si jambo pekee lililomo katika suala hili, hasa kwa pwani ambayo jina lake linatumika. Katika Europa Universalis IV, mchezo wa Kiswidi wa mwaka 2013, mtu anaweza kuitawala Kilwa yenyewe kuanzia mwaka 1444. Hakuna kisa kilichoandikwa; mchezaji hukitunga kwa maamuzi yake, na anaweza kuwazuia Wareno ambao mwaka 1505 waliivamia Kilwa wakiongozwa na Francisco de Almeida. Hilo ni jambo la kusisimua kweli. Hata hivyo, asiyejua kilichotokea mwaka 1505 hajui ni nini alichokigeuza.

Kusini zaidi, kati ya Lindi na Mikindani, iko Sudi. Si miongoni mwa maajabu ya kujengwa katika Civilization, ingawa haikukosa habari. Zama za Wajerumani, masimulizi ya kale ya Sudi, Lindi na Mikindani yaliandikwa kwa Kiswahili, na Carl Velten akayachapa Berlin mwaka 1907. Mtunzi wa gemu angepata humo majina, nasaba na mwanzo wa mji, tena kwa lugha ya wachezaji wa hapa, jambo ambalo San Andreas haikuweza kuwapa.

Kazi kama hiyo ina gharama. Kiro'o Games ya Cameroon ilichangisha fedha kwa watu kupitia intaneti kabla ya kuutoa mwaka 2016 mchezo wa Aurion, uliojengwa juu ya kisa chenye asili ya Kiafrika. Atakayejaribu kwa Sudi atakutana na mteja yule yule wa kibandani, mwenye hela ya mechi moja na rafiki anayesubiri zamu. Itambidi kwanza atengeneze mchezo unaonoga hata kwa asiyeijua Sudi, ndipo habari za mji zipate pa kupita.