Msanii asiye na maonyesho hajakaa bure

Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alianza kupiga picha za migodi ya Kolwezi mwaka 2009. Mwaka 2017 alionyesha kazi za shaba zenye nakshi za vitambaa vya rafia vya Ufalme wa zamani wa Kongo. Madini yetu yakachukua sura ya nguo za mababu.

Wazo kama hilo halizaliwi siku moja. Lakini hapa Lualaba, mfumaji asipokuwa na maonyesho tunamwita mvivu, na msaada unakatika.

Jimbo linaloishi kwa shaba lisilipie siku ya sherehe tu. Liwape wasanii nyumba ya kazi, nyuzi na muda wa kutafuta. Shaba inaondoka kila siku kwa malori. Watoto wetu tutawaachia nini?