Mchicha wa uani na hesabu ya mtungi

Kaskazi ikianza kuvuma, matuta ya mboga nyuma ya nyumba zetu Kisauni, Likoni na Changamwe hukauka, na si kwa uvivu wa wenyewe. Mwaka 2020 serikali ilizindua mpango wa bustani milioni moja za jikoni. Wazo zuri, ila mbegu bila maji ni nusu ya kazi. Maji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kwenye Mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Hayatoshi hata kupika na kuoga, na bwawa la Mwache ndilo hilo tunalosubiri. Mwenye tuta hubaki na mawili: anunue mtungi kwa mwenye mkokoteni, au achote kisima cha chumvi.

Tupige hesabu. Kwa jua la Januari, mita moja ya mraba ya mchicha hutaka kama lita 5 kwa siku. Tuta la mita 3 kwa 1 ni lita 15, karibu mtungi mzima. Ukimwaga kwa ndoo, mengine hukauka juani, mengine hutiririka njiani, nawe unafungua mtungi wa pili. Hapo mchicha wa gengeni ni rahisi kuliko wako.

Ndiyo maana naona mpira unaovuja polepole una faida kuliko miche ya bure. Ule wa dukani hutoa jasho mwili mzima. Asiyeuweza atoboe mpira mkuukuu kwa msumari wa moto, azibe ncha, aunganishe na pipa lililoinuliwa juu ya matofali. Mpira uwe mfupi, la sivyo mimea ya mwisho haipati kitu. Matundu yatazame chini, juu yafunikwe kwa makumbi, na maji yafunguliwe alfajiri.

Udongo nao si mmoja. Mchanga wa Likoni na Kisauni humeza maji wima, basi mipira ikae karibu karibu na maji yawe kidogo kila siku. Mfinyanzi wa Changamwe huyasambaza pembeni. Huko unaweza kuruka siku.

Kinachonitia wasiwasi ni chumvi. Maji ya kisima yakipita chini hayaunguzi majani, lakini chumvi hubaki ardhini na kuziba matundu, kwa hivyo fungua ncha kila wiki uusafishe mpira. Maharagwe hayavumilii, spinachi hujitahidi, na masika ndiyo huosha udongo.

Kaunti ikitaka bustani hizi ziishi, afisa wa kilimo anayeleta miche aje na kipimo cha chumvi. Mtaani kwangu kuna visima viwili, hata hatua hamsini havijaachana. Kimoja kinaotesha spinachi, kingine kimeua bamia.