Lango Lako Lina Kilo Ngapi?

Ukidondosha kiambishi m- katika neno mlango, unapata lango, yaani mlango mkubwa. Lugha imekwisha kukuonya juu ya ukubwa. Juu ya uzito haikusema neno, nami leo nataka tuuzungumze.

Tazama nyumba zinazojengwa Kamembe na katika vilima vinavyoizunguka. Wengi wenye gari hawajengi chumba chake. Wanajenga ukuta na kutia lango la chuma. Basi fanya hesabu pamoja nami. Bamba la chuma lenye unene wa milimita 1 lina takriban kilo 8 kwa kila mita ya mraba. Lango la upana wa mita 4 na kimo cha mita 2, la bamba la milimita 2, lina kilo zipatazo 125 kabla ya fremu. Ukiongeza fremu unafika kilo 180 hivi: karibu mifuko minne ya saruji, iliyosimamishwa wima juu ya ukingo mwembamba.

Anayeagiza lango kwa fundi wa kuchomelea huuliza bei, rangi na mapambo. Uzito hauulizi.

Lango la kusukumwa juu ya reli ndilo hudanganya zaidi. Kwa kuwa magurudumu yanaubeba uzito wote, mtoto wa miaka saba huweza kulisogeza, akaliona jepesi. Ni jepesi kusogea tu. Kinachozuia lisianguke ni vishikizo vya juu kwenye nguzo, pamoja na kizuizi cha mwisho wa reli. Kizuizi kikikosekana, lango huvipita vishikizo na kumlalia yule aliyekuwa akilisukuma.

Hapa Rusizi pana sababu nyingine za hofu. Ardhi yetu ni ya miteremko, na reli iliyoinama hulifanya lango likimbie lenyewe. Tena tetemeko la Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 lilibomoa kuta na kuua watu, kwetu na ng'ambo huko Bukavu. Nguzo ya matofali iliyojengwa kwa pupa itashikilia vipi kilo 180 ardhi ikitikisika tena?

Utaniambia kwamba lango ni mali ya mwenye nyumba. Sikubali. Liko kando ya njia wanayopita watoto wa shule, na mara nyingi hufunguliwa na mfanyakazi wa nyumbani ambaye hakulichagua wala hakuambiwa uzito wake. Kwa hiyo napendekeza lijadiliwe katika kikao cha wakazi baada ya umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi: kila mwenye lango la reli aonyeshe kizuizi chake, na kila fundi aandike idadi ya kilo upande wa ndani, kwa rangi isiyofutika. Kizuizi chenyewe ni kipande kinene cha chuma kinachochomelewa kwa dakika chache, na vipande vya aina hiyo vimejaa sakafuni mwa kila karakana.