MULIRO ALIPIGA KURA YAKE. NA HAWA WA LEO JE?

Ndugu wafanyakazi wa Kitale na Bungoma,

Kila uchaguzi ukikaribia, wakubwa hupanda jukwaani na kulitaja jina la Masinde Muliro. Sisi twapiga makofi, kisha twarudi kazini. Sasa twawauliza mabwana hawa: mwajua alilolifanya, au mwajua jina tu?

Muliro alizaliwa mwaka 1922 huko Matili, Kimilili. Alisoma mpaka Chuo Kikuu cha Cape Town, akarudi kufundisha. Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao mara ya kwanza, aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa Nyanza ya Kaskazini, mmoja wa wanane tu. Na tukumbuke kura ile ilikuwaje. Mwenye elimu na mali aliweza kupewa kura mpaka tatu. Vibarua wengi wa mashamba ya masetla hawakupata hata moja.

Hatusemi alikuwa malaika. Tangu 1960 alikuwa mmoja wa wakuu wa KADU, chama cha majimbo. Ugomvi wa Kitale iwe ya jimbo gani uliwatenganisha watu waliopalilia mahindi katika shamba moja. Novemba 1964 KADU ilivunjwa, wakuu wake wakavuka kwenda KANU. Muliro naye akavuka, na baadaye akapata uwaziri.

Lakini ikaja Juni 1975. J. M. Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alikuwa ameuawa mwezi Machi. Kamati ya Bunge, mwenyekiti wake Elijah Mwangale wa kwetu Bungoma, ilichunguza ikaleta taarifa. Serikali haikutaka taarifa ile ikubaliwe. Ilitaka Bunge liipokee tu, basi. Muliro alikuwa Waziri wa Ujenzi, na alijua mshahara wake watoka wapi. Hata hivyo alipiga kura pamoja na waliotaka taarifa ikubaliwe, na Serikali ikashindwa. Mara moja akafukuzwa uwaziri, yeye pamoja na mawaziri wasaidizi wawili, John Keen na Peter Kibisu.

Sisi twajua kufukuzwa ni nini. Kibarua akisema neno la haki mbele ya nyapara, jioni hana kazi, na kesho hana nyumba. Ndiyo maana kura ile moja twaiheshimu kuliko hotuba mia. Wala hakuishia hapo. Mwaka 1991, katika uzee wake, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa FORD, kudai vyama vingi. Alifariki tarehe 14 Agosti 1992, katika uwanja wa ndege wa Nairobi, akitoka London. Uchaguzi alioupigania ulifanyika Desemba, naye hayupo.

Leo Kakamega kuna Chuo Kikuu chenye jina lake. Vizuri. Lakini jina haliwezi kupiga kura Bungeni. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, ni nani aliyekuwa tayari kupoteza cheo kwa ajili ya wale waliokosa kazi? Na tarehe 25 Juni 2024, Wabunge 195 waliukubali Mswada wa Fedha, 106 wakaukataa. Vijana waliuawa kwa risasi, ndipo Rais akakataa kuutia sahihi. Ndugu, wamjua Mbunge wako alikuwa katika 195 au katika 106? Kama hujui, kosa si lake peke yake.

Basi twasema hivi. Kila tawi liwe na daftari. Kila kura ya Bunge inayohusu mshahara, kodi, ardhi au kiwanda iandikwe humo, na jina la Mbunge wetu, na upande aliosimama. Akija na sukari na unga, mfungulieni daftari asome mwenyewe. Asituulize sisi ni kabila gani. Sisi tutamwuliza: ulipiga kura gani, na ulikuwa tayari kupoteza nini?

UMOJA NI NGUVU.