Hujawahesabu Wateja, Unasemaje "Wote"?

Ati kila anayenunua kahawa ya shilingi 300 mkahawani anajionyesha tu. Umeisoma hiyo mitandaoni, pengine hata umeisambaza. Hebu nikuulize: aliyeandika hayo aliongea na wateja wangapi?

Mimi niko Oldonyiro. Huku hatuna mikahawa ya sofa, tuna hoteli za mabati na chai ya maziwa. Lakini njoo siku ya soko la mifugo. Mzee amekunywa chai kwake alfajiri, na bado analipia kikombe kingine. Anaringa? Wapi! Anamngoja dalali, anasikiliza bei ya mbuzi imefika wapi, na simu yake inachaji pale kwa kaunta. Wa meza ya pili anangoja gari la Isiolo. Wa tatu ana njaa tu. Chai ni ile ile, sababu ni tatu.

Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, nilikaa Isiolo mjini nikisaka kazi. Siku moja nilinunua kikombe kimoja cha kahawa nikakinywa kwa saa mbili, kwa sababu mkahawa ulikuwa na intaneti na stima, chumba changu hakikuwa na chochote. Ungeniona ungesema, "Cheki huyu anavyojifanya tajiri." Kumbe natuma barua za kuomba kazi, na pesa hiyo ilikuwa ya chakula cha mchana.

Sikatai, wapo wanaoenda kupiga picha ya kikombe. Lakini kulipia kahawa ili upate kikao hakukuanza Java House ilipofunguliwa Nairobi mwaka 1999. Mombasa, wazee wamekunywa kahawa chungu ya dele kwa vikombe vidogo tangu zamani, gumzo likiendelea. Nao pia wanajionyesha?

Utasema ni kahawa tu, mbona nakasirika? Kwa sababu hiyo "wote" huanza na kahawa, halafu inafika kwetu. Watu wa kaskazini wote ni wezi wa mifugo. Walioacha chuo wote ni wavivu. Kuna mwajiri alinipigia simu, akauliza natoka wapi. Nikamwambia. Mazungumzo yakaishia hapo. Labda ni jina la Oldonyiro, labda alikuwa ameshapata mtu. Sina ushahidi, kwa hivyo sitakuambia eti waajiri wote wanatubagua. Ingekuwa rahisi kuandika hivyo, na ningepata wafuasi wengi.

Basi, ndugu yangu, kabla hujaandika "wote", jaribu "wale niliowaona". Sentensi itakuwa fupi kwa sifa lakini itakuwa kweli. Na ukitaka kujua kwa nini mtu amenunua kahawa, muulize. Hata mimi niulize. Ila siku hiyo chai utalipa wewe.