Shahada ya Mkakati Isiyofika Mwaloni

Vyuo vyetu vya Kanda ya Ziwa vinavisha watu majoho ya uzamili wa biashara kila mwaka, na nathubutu kusema kwamba wengi wao wamefaulu somo la mkakati bila kuandika hata ukurasa mmoja kuhusu biashara inayolilisha jiji lao. Apple wanaijua. Jinsi Toyota ilivyowatoa jasho wenye viwanda wa Detroit wanaijua pia, pamoja na miaka yake. Waulize nani anapanga bei ya sangara kwenye mwalo wowote wa wavuvi kati ya hapa Mwanza na Ukerewe, watakujibu kwamba ni soko. Soko gani, la nani, limekaa wapi? Hapo mazungumzo yanahamia kwenye mpira.

Hii ni aibu, na lawama siwatupii wanafunzi peke yao.

Zichukue tasnifu zenyewe, maana ndiyo mazao ya shahada hiyo. Kichwa ni kile kile, kinabadilishwa jina la kampuni tu: mchango wa mikakati ya ushindani katika ufanisi wa benki fulani, tawi la Mwanza. Sura ya pili imejaa majina ya wataalamu wa Ulaya na Marekani. Sura ya tatu inaeleza dodoso, na dodoso lenyewe linamuuliza mtu wa kaunta achague kati ya nakubali sana, nakubali, sina hakika na sikubali, kuhusu sentensi inayosema mkakati wa mwajiri wake unaongeza ufanisi. Ni mfanyakazi gani mwenye mkopo wa nyumba atakayeweka tiki kwenye "sikubali" wakati meneja ndiye aliyegawa makaratasi? Kompyuta inakokotoa, majedwali yanapangwa, na pendekezo linatoka: menejimenti iboreshe mikakati yake. Kwa sentensi hiyo mtu kalipa mamilioni ya ada na kukosa jioni za miaka miwili na wanawe. Nao wapo wasiojisumbua hata kiasi hicho. Wanaandikiwa kwa malipo, na anayekaa jirani na chuo chochote anajua pa kuwapata waandishi wenyewe.

Hao tunaowanukuu hawakuanza hivyo. Shule ya biashara ya Harvard ilifunguliwa mwaka 1908, na kisa chake cha kwanza cha kufundishia, cha mwaka 1921, kilihusu kampuni ya viatu, chenye urefu wa ukurasa mmoja hivi. Hawakuona haya kuanzia kwenye kiwanda cha viatu. Baadaye, M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, walikuja kuiandikia kisa, wakarudi nacho darasani kwao. Yaani Mmarekani anafunga safari kuja kujifunza kwetu, sisi tulio hapa tunasubiri atuletee kitabu.

Naomba nisieleweke kwamba nadharia ni upuuzi. Michael Porter alipotoa makala yake ya nguvu tano za ushindani mwaka 1979, na kitabu mwaka uliofuata, aliwapa watu chombo kizuri: tazama washindani waliopo, wanaoweza kuingia, bidhaa mbadala, nguvu ya mnunuzi na nguvu ya anayekuuzia vifaa. Kila mwanafunzi wa uzamili anaweza kuchora mchoro ule akiwa usingizini. Sasa auchukue, ashuke nao mwaloni alfajiri mitumbwi ya sangara inaporudi.

Atakuta hivi. Mwenye mtumbwi hana mtaji wa injini. Wakala anampa injini, nyavu, mafuta na barafu, na kwa msaada huo samaki wote ni wa wakala, kwa bei atakayoitaja wakala, kwenye mizani ya wakala. Daftari la madeni liko mikononi mwa wakala vilevile. Basi mwanafunzi wangu, niambie: mtu huyu unamweka kwenye kisanduku kipi? Ndiye mnunuzi, ndiye muuza vifaa, ndiye benki, na ndiye mpimaji. Mchoro wa Porter umeweka masanduku mawili mbali mbali, moja kila upande, na katikati yake mfanyabiashara anayeweza kumkimbia huyu akaegemea kwa yule. Mvuvi wetu akimkimbia mnunuzi anagongana na mtu yule yule upande wa pili.

Hapo ndipo ilipo tasnifu! Tena ina hesabu ndani yake. Tuseme injini imegharimu shilingi milioni 5, na wakala anapunguza shilingi 1,000 kwa kila kilo kuliko bei ambayo mvuvi angeipata kama angekuwa huru. Mtumbwi ukileta kilo 40 kwa safari, safari 20 kwa mwezi, mvuvi ameacha shilingi 800,000. Hiyo ni asilimia 16 ya bei ya injini kwa mwezi mmoja, na deni la injini bado liko pale pale kwenye daftari. Namba hizi nimezitunga kwa mfano tu. Za kweli zinamsubiri mtu mwenye kalamu na uvumilivu. Akishazipata ageuke upande wa pili kwa haki, maana wakala naye ana yake ya kusema: injini huibiwa ziwani, mvuvi hupotelea kisiwani na deni, kiwanda humcheleweshea malipo. Huenda ile asilimia ni bei ya hatari aliyoibeba. Huenda ni unyonyaji mtupu. Mimi nina dhana yangu, lakini dhana ya mwandishi wa gazeti haitoshi, ndiyo maana tunasomesha watu hadi uzamili.

Sangara peke yake angetosha kulisha darasa mihula miwili. Samaki huyu si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliingizwa kuanzia miaka ya 1950, akawala wenzake, na kufikia miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilikuwa vimepangana ufukweni Mwanza vikiuza Ulaya. Kisha Ulaya ikafunga mlango: mwaka 1998 kwa hofu ya kipindupindu, na tena mwaka 1999 kwa tuhuma za uvuvi wa sumu. Viwanda viliishije mnunuzi mkuu alipoondoka ghafla? Nani alikuwa na soko la akiba, nani alifunga? Halafu likaja bondo. Kifuko kile cha ndani ya samaki, ambacho zamani hakikuwa na maana kubwa kwa mtu, leo kilo yake ikikaushwa inauzwa mara nyingi zaidi ya kilo ya minofu, kwa ajili ya meza za China na Hong Kong. Biashara nzima imegeuka kichwa chini, miguu juu, ndani ya kizazi kimoja. Minofu ndiyo iliyojengewa viwanda, faida nono ikahamia kwenye kile kilichokuwa kinaambatana na matumbo. Mkakati ni nini kama si kuliona jambo hilo mapema kabla ya jirani yako?

Wengine wataniambia mifano ya kwetu ni midogo mno, haina watu wakubwa. Kwa hao ninalo jina: Paul Bomani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa pamba wa Usukuma alikuwa anapunjwa kwenye mizani, na kila mtu alilijua hilo. Bomani na wenzake hawakukimbilia kununua pamba, kwa sababu hawakuwa na fedha wala vinu. Walianza na kitu kidogo wanachokimudu: kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, mkulima apime upya kabla hajauza. Kwa hatua hiyo walipata imani ya watu, na imani ndiyo iliyokuwa mtaji. Bomani akaenda Uingereza, Loughborough, kusomea ushirika mwaka 1953, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria hapa hapa Mwanza. Wakaja kuingia kwenye vinu, na shirikisho hilo likahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika Afrika. Tanganyika ilipopata uhuru, Bomani hakukawia kuwa waziri wa fedha.

Tazama mpangilio wa mambo: kwanza aliliona tatizo kwenye mizani, akaenda kusoma, akarudi kwenye mizani. Wetu wanasoma kwanza, wanapandishwa cheo, mizani hawaioni kamwe.

Wala kisa hicho hakiishii kwenye sifa. Ushirika ulivimba, malalamiko ya wizi na uongozi mbovu yakawa mengi, mwaka 1966 serikali ikaunda kamati ya uchunguzi, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima, kabla ya kurudishwa kwa sheria ya 1982. Kwa nini chombo kilichojengwa na wakulima kwa sababu ya mizani kilikuja kulalamikiwa na wakulima hao hao? Wazee waliokipitia kipindi hicho wanazidi kupungua. Wakiisha, tutabaki na Toyota.

Utetezi ninaousikia zaidi ni kwamba wafanyabiashara wa hapa hawatoi taarifa. Ukionekana na karatasi, wanadhani umetumwa na watoza kodi wa TRA. Ni kweli, wanaogopa. Lakini mtu hakufungulii daftari lake siku ya kwanza kwa sababu una barua yenye mhuri wa chuo. Nenda mara ya kwanza ununue dagaa. Rudi. Badilisha majina na ficha kisiwa. Mwalike wakala mwenyewe aje darasani aulizwe maswali na watu 30, apewe nafasi ya kujitetea, na utashangaa namna mtu aliyeishia darasa la saba anavyoweza kueleza kwa ufasaha kwa nini hawezi kupandisha bei. Kutoka Malimbe, kilipo chuo kikuu cha SAUT, hadi Mwaloni Kirumba, ambako dagaa na samaki wakavu wanafungwa kwenda hadi Kongo, ni safari ya daladala. Hakuna anayehitaji viza.

Au chukua Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025. Lina kilomita 3, na linapitwa kwa dakika chache mahali ambapo magari yalikuwa yanapanga foleni kusubiri kivuko. Foleni ile ilikuwa soko: mahindi ya kuchoma, maji, samaki wa kukaanga, vocha. Mteja aliyekuwa anasubiri sasa anapita bila kukanyaga breki. Yule mama wa samaki wa kukaanga afanye nini, na kwa mtaji gani? Swali hilo moja lingetosha kwa mtihani wa mwisho wa somo la mkakati, na sidhani kama kuna jibu lake la kunakili popote.

Kwa hiyo seneti za vyuo ziache kuhesabu idadi ya tasnifu zilizowasilishwa. Ziweke sharti moja: hakuna anayepewa uzamili wenye somo la mkakati Kanda ya Ziwa bila kuandika kisa kimoja kamili cha biashara ya hapa, chenye bei, madeni, uamuzi uliofanyika na matokeo yake, na aliyehusika akisome kwa Kiswahili aseme kama ndivyo ilivyokuwa. Visa hivyo vitunzwe, vifundishwe mwaka unaofuata. Wahadhiri watakaolalamika kwamba ni kazi nyingi, wana haki ya kulalamika. Ni kazi nyingi kweli.

Nawe unayejaza fomu ya kujiunga muhula ujao, kabla hujapeleka ada benki ingia ofisi ya mratibu wa uzamili uulize swali moja: tutasoma visa vingapi vya Mwanza? Akikuonyesha orodha, lipa. Akikuonyesha mchoro wa Porter, mshukuru, toka na hela yako.